Pua Nyekundu Iliyowashwa Tokyo

Kikaragosi chenyewe ni kidogo kuliko unavyodhani. Urefu wake ni kama sentimita 15, umbo la kulungu mchanga. Ndani ana waya, nje ana manyoya, na kwenye ncha ya pua amepachikwa kitaa chekundu. Msimamishe kando ya chupa ya soda, chupa itampita. Mwenzake ni mzee mnene mwenye ndevu nyeupe, sentimita 28 hivi. Novemba 2020 wawili hawa walipigwa mnada Marekani, wakaenda kwa dola 368,000.

Kabla ya hapo walikuwa mapambo ya nyumbani. Katibu muhtasi wa kampuni iliyotengeneza filamu yao aliwachukua kazi ilipokwisha, na kila Desemba wakawa wanatolewa na kuwekwa chini ya mti wa Krismasi. Watoto wa ukoo waliwachezea, kama watoto wanavyochezea chochote kilicho usawa wa mikono yao. Mwaka 2006 walipopelekwa kwenye kipindi cha televisheni cha kuthamini vitu vya kale, mthamini aliwakadiria dola 8,000 hadi 10,000. Miaka 14 baadaye bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara 30. Waya ni uleule na manyoya ni yaleyale, tena yamechakaa. Kilichopanda bei ni hamu ya watu.

Kulungu anaitwa Rudolph, na mzee ndiye Baba Krismasi. Filamu yao, Rudolph the Red-Nosed Reindeer, ilirushwa mara ya kwanza na kituo cha NBC Jumapili jioni, Desemba 6, 1964, na tangu siku hiyo haujapita mwaka bila kurushwa tena. Jioni ile jina la Tanzania lilikuwa na umri wa wiki tano tu, na televisheni ya kwanza Bara ilikuwa bado miaka 30 mbele. Kwa hiyo utoto ninaouzungumzia hapa si wetu. Ni wa Wamarekani waliokulia mbele ya televisheni baada ya vita, na wanao, na sasa wajukuu wao.

Mimi niliiona nikiwa mtu mzima, mwanafunzi niliyepanga chumba katika mji wa baridi kali, kwa mama mjane aliyekaribia miaka 60. Jioni moja ya Desemba aliniita nikae naye sebuleni. Alikuwa amezima taa zote isipokuwa za mti, amejifunika blanketi hadi kifuani, na sahani ya biskuti iko mapajani. Filamu ilipoanza nilijizuia kucheka. Wanyama walitembea kwa kushtukashtuka kama daladala inayobadilisha gia mlimani. Midomo ilifunguka na kufumba bila kujali sana neno linalosemwa. Lakini yeye alicheka kabla ya kila kichekesho, na kuna mahali alijifuta macho akidhani simwoni.

Kwa wema nikamwambia kwamba filamu hii naweza kumtafutia kwenye kompyuta, awe anaitazama siku yoyote anayotaka, hata Julai. Alinitazama kama mtu aliyeletewa futari saa saba mchana. Tambi ni zilezile na uji ni uleule, lakini saa sivyo.

Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa na hoja. Alipokuwa mtoto hapakuwa na mashine ya kurekodi nyumbani. Filamu ilirushwa mara moja kwa mwaka, siku iliyotangazwa kwenye gazeti la vipindi, na aliyekosa amekosa mpaka mwakani. Ukitumwa dukani saa hiyo, basi. Ukiadhibiwa kwa kupelekwa kulala mapema, mwaka mzima umekwenda. Kuanzia 1972 filamu ilihamia CBS, na watu wa rika fulani watakusimulia juu ya ile alama ya kituo hicho: ngoma zinapigwa kwa kasi, neno moja la rangi nyingi linazunguka kwenye kioo, na watoto wanatoka mbio bafuni wakidondosha maji sakafuni. Wengine wanadai kwamba hata leo wakizisikia ngoma zile moyo unaruka. Anayekumbuka alivyokuwa akijisogeza karibu na redio kusubiri kipindi cha Mama na Mwana hatahitaji maelezo zaidi.

Tusijifanye, hata hivyo, kwamba kitu hiki kilishuka kutoka mbinguni. Rudolph alizaliwa ofisini. Mwaka 1939 duka kubwa la Montgomery Ward la Chicago lilitaka kijitabu cha kuwagawia watoto wa wateja wake, na kazi ikamwangukia mwandishi wake wa matangazo, Robert L. May. Mwaka huohuo May alimzika mkewe, aliyeugua saratani. Aliendelea kuandika, na Krismasi hiyo duka likagawa nakala milioni 2.4. Miaka kumi baadaye shemeji yake, Johnny Marks, akatunga wimbo, Gene Autry akauimba, na tangu hapo hakuna aliyepona. Hata filamu ya 1964 ilidhaminiwa na kampuni ya General Electric, iliyokuwa na vyombo vya umeme vya kuuza msimu wa sikukuu. Duka lilitoa hadithi, na kampuni ya umeme ikatoa pesa za filamu. Walichokipenda watoto kilikuja katikati ya matangazo, na sioni kwamba hilo linakipunguzia thamani. Mengi tunayoyapenda yaliingia nyumbani kwa mlango huohuo.

Jambo linalonishangaza mimi ni jingine, na Wamarekani wengi hawalijui mpaka leo. Krismasi yao ya utotoni ilitengenezwa Tokyo.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Arthur Rankin Jr. na Jules Bass walikuwa na kampuni ndogo New York, ambayo baadaye ilijulikana kwa majina yao mawili. Romeo Muller aliandika mchezo. Sauti zilirekodiwa Toronto, Kanada, na karibu waigizaji wote walikuwa Wakanada. Rudolph mwenyewe ni sauti ya mwanamke, Billie Mae Richards, ingawa kwenye orodha ya majina aliandikwa Billy na watu wakadhani ni mvulana. Mwimbaji Burl Ives alipewa nafasi ya msimulizi, mtu wa theluji mwenye kofia na mwavuli. Kisha kanda za sauti, mchezo na michoro ya kila tukio vikavuka bahari kwenda kwa Tadahito Mochinaga na mafundi wake.

Mochinaga alizaliwa Tokyo mwaka 1919, na sehemu ya utoto wake ilipita Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Alianza na katuni za kuchora. Mwaka 1945, nyumba yake ikiwa imeteketea kwa mabomu ya Wamarekani, alirudi Manchuria. Vita vikaisha akiwa huko, naye akabaki. Katika studio ya Wakomunisti wa China, akitumia jina la Fang Ming, alitengeneza mwaka 1947 filamu ya vikaragosi ya kumkejeli Chiang Kai-shek, nayo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo nchini humo. Alirudi kwao mwaka 1953 akiwa na ufundi ambao Wajapani wachache walikuwa nao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Rankin alizuru Japani, akaona kazi zake, na wakaanza pamoja na Pinocchio, vipindi 130 vya dakika tano tano. New York wakaupa ufundi huo jina la biashara, Animagic. Tokyo uliendelea kuwa kazi ya mikono.

Na kazi ya mikono ni hii. Kikaragosi kinasimamishwa juu ya meza iliyotandikwa theluji ya bandia. Fundi anainua mguu wake kidogo sana, upana wa punje ya mchele, anajitoa mbele ya kamera, kamera inapiga picha moja. Anarudi, anausogeza tena, anatoka, picha nyingine. Filamu hula picha 24 kwa sekunde moja. Hata ukifanya nafuu, kila mkao ukaupiga picha mara mbili, bado unahitaji mikao 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Filamu ya dakika 50 ni mikao 36,000, na hapo tumehesabu kana kwamba kulungu yuko peke yake. Wakiwa watano, kila mmoja ana shingo, masikio na miguu minne ya kusogezwa, na fundi lazima akumbuke nani alikuwa anageukia wapi. Akipiga chafya na kuigonga meza, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji.

Mafundi wale walisafiri hadi Nara, mji wa kale ambako kulungu hutembea huru bustanini, wakakaa kuwatazama wanavyotembea. Vikaragosi vyenyewe vilichongwa na kuvalishwa na Ichiro Komuro. Kwa hiyo yule kulungu wa Ncha ya Kaskazini, anayesikika kama mtoto wa Kimarekani kwa kinywa cha mama wa Kikanada, ana mwendo wa kulungu wa Kijapani. Mwaka huohuo, jijini Tokyo kwenyewe, Wilson Kiprugut alikimbia mita 800 na kuipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Sisi tunaikumbuka Tokyo ya 1964 kwa shaba ile. Wamarekani nao wana cha kuikumbukia, ila wengi hawajui kwamba kilitoka huko.

Kinachovutia katika filamu hizi, nadhani, ni kwamba mkono haukufichwa. Manyoya hutetemeka pale vidole vya fundi vilipopita, kama yanavyotetemeka mgongoni mwa King Kong wa 1933. Uzi unaonekana kuwa uzi, na mbao inaonekana kuwa mbao. Mtoto anayetazama anajua kabisa kwamba vitu hivi vipo mahali fulani duniani, vina uzito, na mtu angeweza kuvishika. Katuni ya kuchora, hata iwe nzuri vipi, haimpi hilo. Yule katibu muhtasi na watoto wa nyumbani kwao ndio waliobahatika kuvishika kweli.

Makosa nayo yapo mengi, na wapenzi wa filamu hii huyatunza kama vito. Kwenye bango la mwanzo mwaka wa hakimiliki umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi, lakini mtu alisahau herufi moja ya M. Badala ya 1964 pakatokea 1164, kana kwamba Baba Krismasi alipigwa picha karne ya 12. Kuna mtafuta madini, Yukon Cornelius, anayerusha sururu yake, kuidaka na kuilamba. Watoto wa miaka mingi walidhani anaonja dhahabu. Kumbe mwishoni mwa filamu ya 1964 ilikuwamo sehemu anayogundua alichokuwa akikitafuta siku zote: mgodi wa peremende. Sehemu hiyo ilikatwa mwaka uliofuata, na mlambo wa sururu ukabaki fumbo.

Ilikatwa kwa nini? Kwa sababu ya barua. Katikati ya hadithi Rudolph anafika kwenye kisiwa cha midoli iliyokataliwa: garimoshi lenye magurudumu ya pembe nne, tembo mwenye madoadoa, mchunga ng'ombe aliyempanda mbuni, bastola ya maji inayotoa jemu. Anaahidi kuwaombea kwa Baba Krismasi. Katika filamu ya kwanza ahadi ile haikutimizwa. Baba Krismasi alipaa zake, midoli ikabaki kisiwani. Watazamaji wakaandika kulalamika, na mwaka 1965 ikaongezwa sehemu mpya ambamo anatua kisiwani na kuichukua yote. Huwa najiuliza jinsi maombi yale yalivyopokewa Tokyo: rudini mezani, kisiwa kile tumekisahau.

Tazama sasa walivyomaliza. Majina yakipita, msaidizi mdogo wa Baba Krismasi amekaa kwenye gari la theluji angani, anaivalisha midoli miavuli na kuiachia ishuke taratibu kwenye mapaa ya nyumba. Mmoja mmoja, kwa adabu. Inafika zamu ya ndege. Msaidizi anamwachia bila mwavuli, maana ndege ana haja gani ya mwavuli? Lakini ndege huyu alikuwa kisiwani kwa sababu hawezi kuruka. Anaogelea. Mama mwenye nyumba wangu aliniambia kwamba aliitazama filamu hii zaidi ya miaka 20 kabla hajaligundua hilo, na siku alipoligundua alicheka mpaka mumewe akaja kuuliza kuna nini.

Kuhusu hadithi yenyewe sina sifa nyingi za kutoa. Baba Krismasi wa filamu hii ni bosi mkavu, mwembamba mwanzoni, anayelishwa kwa lazima na mkewe na kununia wimbo wa wafanyakazi wake. Baba yake Rudolph anaona haya kwa ajili ya pua ya mwanawe na kuifunika. Mwalimu wa michezo anamfukuza mtoto hadharani na kuwaonya wenzake wasicheze naye. Wote hawa wanabadilika pale tu ukungu unapofunga njia na pua inapoonekana kuwa na faida. Wazazi wa siku hizi wanailalamikia, na wana haki. Hermey, fundi wa midoli anayetaka kuwa daktari wa meno, ndiye pekee anayekubalika kwa jambo analolipenda, na hata yeye ilibidi kwanza aling'oe zimwi la theluji meno yote. Nilipomwambia mama wa watu haya, alinijibu kwamba akiwa mtoto hakuyaona. Alikuwa anatazama theluji.

Filamu nyingine zilifuata, nazo hazilingani. Ya 1970, Santa Claus Is Comin' to Town, ina Fred Astaire kama tarishi msimulizi na mtawala mmoja anayepiga marufuku midoli baada ya kuteleza juu ya bata wa kuchezea. Ukiniuliza mimi, bora kuliko zote ni ya 1974, The Year Without a Santa Claus, kwa ajili ya ndugu wawili tu, mmoja mwenye joto na mwenzake mwenye baridi, wanaogombania hali ya hewa kwa nyimbo mpaka mama yao anapoingilia. Anayetaka kuanza, aanze hapo. Nyingi za baadaye ni za kujazia msimu.

Kisha zikaja kanda za video, zikafuata diski, na sasa mtandao. Filamu ilipoweza kutazamwa siku yoyote, kungoja kukafa. Ufundi haukufa. Tim Burton, aliyekulia kwenye filamu hizi, alikuja na hadithi ya The Nightmare Before Christmas, iliyoongozwa na Henry Selick mwaka 1993, kikaragosi kwa kikaragosi. Elf ya 2003 ina wanyama wa theluji waliotengenezwa kwa makusudi wafanane na wa 1964, mshtuko wa mwendo ukiwamo. Leo kompyuta inaweza kuiga hata kule kutetemeka kwa manyoya. Nimeona matangazo ya biashara yanayofanya hivyo. Macho yanadanganyika kwa dakika moja, halafu unahisi kwamba hakuna aliyepiga chafya chumbani.

Mama mwenye nyumba hakukubali kamwe nimpakulie filamu ile. Kila Desemba alizungushia tarehe duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni, na mwaka wangu wa mwisho pale mimi ndiye niliyezima taa.

Vikaragosi vile viwili sasa vimehifadhiwa Atlanta, katika jumba la Center for Puppetry Arts. Mochinaga alifariki mwaka 1999, miaka saba kabla mthamini hajavitaja kwa dola hata moja. Msomaji, ukiipata filamu hii msimu huu, usiizime majina yanapopita. Mwangalie yule ndege, halafu mtafute Tad Mochinaga. Ameandikwa kama fundi.